Mama Mkwe kwenye Kiti cha Dereva

Ngige alizoea kuilaumu serikali kabla ya chai, na baada ya chai akaendelea pale alipoachia. Asubuhi hiyo alianza mapema kuliko kawaida, kwa sababu alipokuwa anateremka kuelekea daraja la Kamukuywa, akitoka Kitale, breki za Probox yake ziliacha kupiga mluzi zikaanza kusaga.

Mluzi alikuwa ameuzoea. Aliuchukua vile watu wanachukua kikohozi cha mzee wa nyumbani: unaudhi, lakini angalau unajua yupo. Kusaga ni habari nyingine. Kusaga ni chuma kulamba chuma, na gari halisimami mpaka lijisikie.

"Na nani amezimaliza hizi pedi?" aliuliza, yuko peke yake garini. Tangu mkewe afe alikuwa anauliza maswali kwa sauti na kujijibu. "Si ni wao."

Wao ni wakubwa. Waliahidi barabara wakaleta matuta. Kwa maoni ya Ngige, hata hiyo lami kidogo iliwekwa tu ili matuta yasilale kwenye udongo yakachafuka. Alikuwa ameacha shule darasa la nne, lakini hesabu hiyo haikumshinda: wakijenga tuta, wewe unakanyaga breki, ukikanyaga breki, pedi zinaisha, pedi zikiisha, unanunua zingine, na ukinunua, kodi iko ndani. Serikali gani nyingine duniani imejua kumtoza mtu kwa kusimama?

Pedi mpya zilikuwa kwenye buti, ndani ya boksi lake, hazijafunguliwa. Kimaiyo wa vipuri pale Kitale alimwambia azifunge siku ile ile. Ngige akasema atazifunga mwenyewe nyumbani Matisi, maana fundi wa siku hizi anakutengenezea kimoja anakuharibia viwili. Akangoja Jumamosi. Jumamosi zikawa zinakuja na kuondoka, kila moja na mazishi yake au harambee yake, na boksi likaendelea kusafiri kwenye buti kama abiria aliyesahau kituo chake.

Sasa hakuwa na muda wa kurudi Matisi. Alikuwa anaenda Kabuchai kumchukua mama mkwe wake, Lenah, ampeleke Mabanga kwa madaktari wa macho.

Mama Lenah alikuwa anapofuka. Mtoto wa jicho alifunga la kulia mwaka uliopita, na la kushoto likabaki linaona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya kibuyu cha maziwa. Wiki hiyo madaktari walikuwa wamepiga hema Mabanga, wanatoa mtoto wa jicho bure. Tangazo lilisomwa kanisani na sokoni: wazee wakae nyumbani wametulia, gari litapita mlango kwa mlango kuwachukua. Mama Lenah alitii. Alivaa nguo ya kutokea, akakaa kwenye kiti nje mpaka umande ukakauka, na jua likapanda, na likashuka. Kesho yake akavaa tena. Gari halikuonekana. Siku ya mwisho ya madaktari ilipofika, mwanawe Absalom ndiye aliyepiga simu Kitale.

"Shemeji," Absalom alisema, "gari la wazee limepata changamoto."

Changamoto ni neno la wakubwa. Wanalitumia pale ambapo mtu wa kawaida angesema limeibwa. Na Absalom alikuwa na haki ya kulitumia, maana alikuwa mkubwa wa aina yake: karani mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya maji, ya barabara na ya usalama. Maji hayakuwepo, barabara haikuwepo, na usalama ulilindwa na mbwa wa jirani, Mukhisa, lakini kamati zilikuwepo na zilikaa.

Basi Ngige alifika Kabuchai breki zikilia kama posho mill inayosaga mahindi. Alisimamisha gari kwa kulielekeza kwenye mwinuko ulio nyuma ya migomba na kumwachia Mungu sehemu iliyobaki.

Mama Lenah alikuwa mlangoni. Aliposikia gari alishika ukuta akaingia ndani, akavuta mlango ukabaki wazi upana wa kiganja. Kutoka huko ndani ikasikika sauti ikisema wageni wamefika salama, Mungu ashukuriwe. Ngige, akiangalia migomba, akasema Mungu ashukuriwe kweli.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, hawakalii kiti kimoja hata kwa zamu. Hata kwao Ngige, Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia na majembe yao, heshima hiyo ipo, lakini ya kwao imelegea kidogo kwa biashara. Hapa Kabuchai haikulegea. Miaka yote ya ndoa yake Ngige alimjua mama mkwe kwa leso yake, kwa mgongo wake na kwa sauti ya nyuma ya mlango. Wakitaka kuambiana jambo, walipitishia kwa Nabwile, mke wa Ngige. Mama angesema, "Nabwile, muulize mgeni kama chai ina sukari," na Ngige amekaa pale pale anasikia, anangoja aulizwe. Kisha angejibu, "Nabwile, mwambie mama chai iko sawa." Nabwile hata hakuhangaika kurudia. Alikaa katikati anakula mahindi, maneno yanampita juu ya kichwa.

Kisha Nabwile akaugua wakati wa mgomo. Wauguzi walikuwa barabarani, wakubwa walikuwa kwenye televisheni wakibishana ni mkubwa gani anapaswa kujibu, na kwenye ile wodi hakukuwa na wa kujibu hata swali la choo kiko wapi. Alikufa kabla hawajakubaliana. Tangu mazishi hayo, Ngige na mama mkwe wake hawakuwa na mdomo wa kupitishia maneno. Alikuwa akituma unga na sukari, na Absalom alikuwa akileta asante, ikiwa imepungua njiani kama kila kitu kinachopitia kwa kamati.

Absalom alitaka waondoke mara moja. Alikuwa amevaa koti, mkononi ana simu iliyokufa chaji. Alisema Mabanga ni hapo tu, breki za kazi gani.

Ngige akatazama kiti cha nyuma ambapo mama angekaa. "Huyu mama serikali imeshamla mtoto mmoja," akasema. "Mimi siendi kuwamalizia. Nipe nusu saa."

Nusu saa ya Ngige ilikuwa kama ya wale walioahidi gari, lakini tofauti ni kwamba yeye aliinama akaanza. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu. Akalegeza nati gari likiwa bado chini, maana ukinyanyua kwanza gurudumu linazunguka na wewe kama mheshimiwa na swali. Akatia ubao chini ya jeki ili isizame kwenye udongo, akanyanyua, akavua tairi la kushoto. Akafungua kalipa, ile taya inayobana diski, akaining'iniza kwa waya ili isivute bomba lake. Pedi za zamani zikaanguka mkononi mwake. Moja ilikuwa nyembamba kama kadi ya kura, na yenye faida hiyo hiyo. Nyingine haikuwa na kitu, bati tupu linang'aa.

Akairudisha pistoni ndani, pole pole, kwa klempu na ile pedi iliyokufa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni kufungua na kufunga. Pistoni ikiisharudi ndani kuna sheria moja tu ambayo hata aliyeacha shule darasa la nne anaijua: mtu asiguse pedali mpaka pedi mpya ziwe mahali pake.

Absalom alikuwa amechoka kusimama. Mtu aliyezoea kukaa mbele ya watu akiona kiti hana budi. Alifungua mlango wa dereva, akaketi, akachomeka simu yake kwenye chaja. Chaja haikuwaka. Basi akafanya alichomwona kila dereva wa gari la otomatiki akifanya: akakanyaga breki, akazungusha ufunguo.

Pistoni iliruka kutoka mahali pake kama kokwa ya parachichi. Mafuta ya breki yakamfuata, yakamwagikia Ngige kwenye shati, kwenye mikono, na mengine yakaingia ardhini, ambako Kabuchai haikuyahitaji.

Ngige hakupiga kelele. Alikaa kwenye udongo, akatazama pistoni mkononi mwake. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki, "Shemeji, simu imepata chaji?"

"Inaanza kupata," Absalom akasema.

Ilibidi aelezwe mara kadhaa kwamba sasa gari halina breki kabisa. Mwanzo lilikuwa na breki mbaya. Kwa uongozi wake sasa halina hata hizo mbaya. Mafuta yametoka na hewa imeingia mahali pake. Yanahitajika mafuta mengine, kisha hewa itolewe, la sivyo pedali itakuwa kama kukanyaga mkate. Absalom alisikitika kwa niaba ya wote waliohusika, bila kumtaja mtu. Akajitolea kwenda Chwele kuleta mafuta. Bodaboda likapita, akapanda nyuma, koti likipepea, akaenda kutatua changamoto.

Mtu angeuliza kwa nini mama mwenyewe hakupandishwa hilo bodaboda. Mama Lenah alivunjwa nyonga na bodaboda zamani, na tangu siku hiyo mguu wake mmoja haupandi kitu kilicho juu kuliko kizingiti. Gari au nyumbani, hapakuwa na la tatu. Na kesho madaktari wangekuwa wamekunja hema, na lile jicho la kushoto lingeendelea kujaa maziwa mpaka juu.

Ngige aliisafisha pistoni, akairudisha kwa dua na kidole gumba. Akapachika pedi mpya upande wa kushoto, akafunga kalipa. Akahamia kulia, akafanya hivyo hivyo, na huko hakuna aliyemsaidia, kwa hiyo kazi ikaenda vizuri. Jua likapanda juu ya miwa. Absalom hakurudi.

Kilichorudi ni bodaboda. Kijana alisimama bila kuzima injini, akamkabidhi Ngige kichupa cha mafuta ya breki, akasema mzee Absalom amemtuma. Mzee mwenyewe je? Mzee alikutana na msafara wa mheshimiwa hapo Chwele, wakamwambia apande nao waende Mabanga, kuna hotuba.

"Apande nini?"

"Ile van ya wazee," kijana akasema. "Iko na nafasi mob, viti tupu. Wamebeba tu T-shati."

Akaondoka na vumbi lake kabla Ngige hajapata neno la kumshikilia nalo. Na hapo ndipo Ngige alipokumbuka alichohitaji. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko chini na spana, mwingine yuko kwenye kiti anakanyaga pedali, anashikilia, anaachia, kama anavyoambiwa. Akatazama kushoto na kulia. Mukhisa wa jirani alikuwa amekwenda kwa hotuba. Mke wa Absalom alikuwa kwenye kwaya ya akina mama watakaoimba kabla ya hotuba. Huko hotubani walikuwa wanagawa leso. Kijiji kizima kilikuwa kimeenda kushangilia gari ambalo halikukibeba.

Alibaki yeye, mbwa, na mlango ulio wazi upana wa kiganja.

Ngige alijaribu kufanya peke yake. Aliegemeza jiwe kwenye pedali. Jiwe halijui kuachia. Alijaribu kukanyaga kwa mkono huku akinyoosha mguu kuelekea kwenye spana, akagundua kwamba Mungu hakumuumba kwa urefu huo. Mwishowe alisimama kando ya gari, mafuta yakimkauka kwenye shati, akaanza kuwataja wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, kuanzia juu.

Mlango ukafunguka wote.

Mama Lenah akatoka na fimbo yake, leso imefungwa kichwani. Alisimama kwenye kizingiti uso umeelekea migomba, mahali pasipo mtu.

"Nabwile," akasema, "muulize mwenye gari anangoja nini."

Jina hilo halikuwa limetajwa kwenye uwanja huo tangu matanga. Ngige akasahau cheo alichokuwa amefikia. Alitazama chini.

"Nabwile," akasema mwishowe, "mwambie mama nangoja mtu wa kukanyaga breki."

"Mwambie mguu ninao. Mmoja unafanya kazi."

"Mwambie mama..." Akasita. "Mwambie mama kile kiti ni changu. Nakikalia mimi kila siku."

Mbwa wa Mukhisa akajikuna. Mama mkwe kukalia kiti cha mkwe wake, mahali mwili wake umepata joto, ni jambo ambalo wazee wangelikalia wao wenyewe siku nzima, na mbuzi wa faini angelia.

"Nabwile, mwambie mimi ni kipofu," Mama Lenah akasema. "Kipofu atajuaje amekalia kiti cha nani?"

Ngige akafikiri. Kisha akaenda kwenye buti, akatoa gunia safi la viazi, akalitandaza juu ya kiti cha dereva, likafunika mpaka kichwani pa kiti. Sasa angekalia gunia. Sheria haikuvunjwa, ilizungukwa, kama wakubwa wanavyoizunguka kila siku kwa ajili ya mambo madogo kuliko jicho la mtu. Akafungua mlango wote, akarudi nyuma mpaka kwenye migomba, akageuka. Alisikia fimbo ikigonga bati, gunia likichakacha, mtu akishusha pumzi.

"Nabwile, mwambie nimeketi. Kinafanana na kiti cha kanisa, kinaumiza mgongo."

Akalala kwenye udongo upande wa pili, ambapo hamwoni na haonwi. Alihitaji bomba dogo la kupeleka mafuta kwenye chupa ili aone mapovu. Alikuwa nalo kwenye dashibodi. Ni mpira wa dripu. Aliununua mwenyewe nje ya hospitali ile siku, kwa sababu ndani walisema haupo, na aliporudi nao mbio hakukuwa na mtu wa kuwekewa. Hakuwahi kuutupa wala kuufungua. Sasa akaurarua kwenye karatasi yake kwa meno, akauchomeka kwenye kaskrubu ka kutolea hewa kwenye kalipa, ncha nyingine ndani ya chupa ya soda.

"Nabwile, mwambie mama, pedali ni ile kubwa, mguu uwe wa kulia. Akanyage pole pole mpaka chini, ashikilie."

"Mwambie nimekanyaga. Inazama kama uji."

Akafungua. Mapovu yakakimbia kwenye mpira. Akafunga. "Nabwile, mwambie aachie."

"Mwambie nimeachia."

Mafuta yalikuwa yakishuka kule juu kwenye kikopo chake, akawa anainuka kuongeza, akiangalia angani anapopita mbele ya kioo kama mtu anayetafuta mvua. Wakaendelea. Kanyaga. Nimekanyaga. Shikilia. Nimeshikilia. Jina la Nabwile lilipita juu ya gari huku na huku kama zamani, isipokuwa sasa hakuna aliyekula mahindi. Baada ya muda wakaanza kulisahau kidogo kidogo. Halafu wakishagundua wanalirudisha, kwa haraka, kama mtu aliyesahau kuvua kofia.

"Bado ni uji?" Ngige akauliza. "Nabwile, muulize."

"Imekuwa ugali. Ugali wa mtu asiyejua kupika."

"Aongeze."

"Wewe ongeza huko chini, mimi naongeza huku," Mama Lenah akasema, na safari hii hakumtaja mtu yeyote.

Ngige akajifanya hakusikia, akaongeza. Mapovu yakapungua, yakawa moja moja, kisha mafuta yakaja yenyewe, safi, hayana pumzi ndani. Wakamaliza kushoto. Mkwe akahamia kulia, na mama, bila kuambiwa, akageuza uso kushoto. Alipofunga mara ya mwisho, kutoka kwenye kiti kukasikika mguno.

"Sasa imegoma. Ni ngumu kama kichwa cha Absalom."

Ngige akarudisha magurudumu, akashusha jeki. Mama Lenah alihamia kiti cha nyuma, kona ya kushoto, akashika fimbo katikati ya magoti. Gunia walilikunja. Walipotoka kwenye uwanja, Ngige alijaribu breki kwenye mteremko wa kwanza, na gari likasimama pale pale alipotaka, bila sauti. Alikaa hapo kidogo, amesimamisha gari bila sababu. Ilikuwa muda mrefu tangu kitu chochote katika nchi hii kifanye kazi aliyokipa.

Jua lilikuwa limeelekea upande wa Uganda walipofika Mabanga. Mheshimiwa alikuwa jukwaani. Alikuwa anasema kwamba katika zoezi hili hakuna mzee hata mmoja aliyeachwa nyuma, na waliokuwa wameletwa kushangilia walishangilia. Van ilikuwa kivulini, milango wazi, maboksi ya T-shati ndani. Absalom aliketi mstari wa pili, T-shati jipya juu ya koti lake la zamani.

Hema la madaktari lilikuwa upande wa mbali wa uwanja, na vijana walikuwa wameanza kung'oa kamba zake. Ngige hakuweza kumshika mama mkwe wake mkono. Kwa hiyo alishika ncha moja ya fimbo, mama akashika nyingine, wakakata uwanja katikati, mbele ya jukwaa, yeye mbele amejaa mafuta ya breki, mama nyuma akinyoosha mguu wake mbaya. Mheshimiwa aliwaona akapoteza neno. Absalom aliwaona akainuka, akawakimbilia akisema alikuwa anafuatilia lile gari lao.

"Absalom," mama yake akasema bila kusimama, "kumbe ulifika. Tulikuwa tunakuombea njiani."

Muuguzi aliyekuwa anafunga sanduku hemani alikuwa dada mmoja wa Mlima Elgon, Chelimo. Alisema wamefunga. Akamtazama Ngige kuanzia juu mpaka chini, akauliza ni nini hicho kwenye shati.

"Breki," Ngige akasema.

"Zilikataa?"

"Zilikuwa zimekataa. Sasa zimekubali. Ndiyo maana tumechelewa, dada."

Chelimo akamtazama mama, akainua ukope wa jicho la kushoto kwa kidole gumba. Akaingia ndani. Walisikia akibishana na mtu. Akatoka akawaambia wale vijana waache kamba kwanza, akamshika Mama Lenah mkono, akampeleka.

Jambo hilo lilimuudhi Ngige kidogo. Alikuwa amejiandaa kutukana, na hakuna kitu kibaya kama mtu wa serikali kufanya kazi yake wewe ukiwa umeshapanga maneno. Alipata nafuu pale dereva wa madaktari alipomwambia kwamba hao si wa serikali, ni watu wa makanisa waliojitolea. Serikali ilileta jukwaa.

Mama Lenah alipasuliwa jicho jioni hiyo hiyo, akalala hemani na wagonjwa wengine. Ngige alilala garini. Asubuhi, Bungoma ikiwa bado na ukungu, Chelimo alitoa bandeji.

Ngige alisimama kando ya Probox, amegeuza uso kama inavyopasa. Alisikia hatua, hazina fimbo. Zilisimama, zikaendelea, zikasimama tena. Alisikia mama akimwambia muuguzi kwamba leso yake walimwambia ni ya bluu, kumbe wamemfunga kijani wiki nzima. Kisha hatua zikaja mpaka kwenye gari. Zikalizunguka. Zilipita kwenye bampa iliyofungwa kwa waya, zikapita mlango wa rangi tofauti, zikasimama kwa muda kwenye kutu ya madigadi. Zikatokea upande wa pili, karibu naye, karibu kuliko zilivyowahi kuwa.

"Ndilo hili?" Mama Lenah akasema.

Ngige akangoja jina la Nabwile lifuate. Halikufuata. Hapakuwa na mtu mwingine hapo ambaye swali lingeweza kuwa lake.

"Ndilo hilo, Mama," akasema.

"Mtoto wangu alikuwa anapanda hili?"

"Miaka yote."

"Na hakusema kitu."

"Alisema, Mama. Alisema kila siku."

Mama Lenah akaanza kucheka. Alicheka na mkono mdomoni, akashika bodi ya gari, na Ngige, ambaye hakuwa amecheka tangu mgomo ule, akajikuta anacheka pia, ametazama mbele, machozi yanamtoka. Kutoka mlango wa hema Chelimo akaita kwa ukali kwamba mgonjwa asicheke, jicho bado ni bichi. Walimsikia vizuri. Hawakumtii.